Somo la Ufundi: Injini Iliyokufa Yaweza Kuwa Meza

Gari likizeeka hata lisitengenezeke tena, mwenyewe huliuza kwa kilo, kama viazi. Bati na milango yake haikawii kuchukuliwa, lakini injini hubaki nyuma, kwa kuwa ni nzito na imejaa mafuta machafu. Hata hivyo, fundi wa Kibera au Kawangware mwenye spana, tupa na mashine ya kuchomelea aweza kuipa kazi ya pili. Bloki ya injini hugeuzwa meguu ya meza, pistoni hugeuzwa taa, na krankishafti ikisimamishwa wima hutundikiwa makoti.

Mafundi wa namna hii twawaita Jua Kali, maana wengi wao hufanya kazi pasipo paa. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa juu ya ajira katika Kenya, nao walieleza kwamba watu hawa, waliokuwa wakidharauliwa na kusumbuliwa, walikuwa na kazi yenye faida.

Atakaye kujifunza kazi hii yampasa kwanza ajue chuma alichonacho. Na achukue sumaku. Ikinata, hicho ni chuma hasa; isiponata, yamkini ni alumini. Bloki nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Pistoni za magari madogo kwa kawaida ni alumini. Asiyezitenganisha ataharibu kazi tangu wakati wa kuosha, kwa sababu kostiki soda, ambayo huondoa mafuta vizuri katika chuma, huila alumini na kutoa hewa iwezayo kushika moto. Alumini ioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Mafuta machafu yakingwe katika debe lenye kifuniko, yasimwagwe mtaroni. Maji ya Kibera huteremkia bwawa la Nairobi. Gasketi kuukuu nazo huenda zina asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zilowanishwe kabla ya kubanduliwa, wala zisipigwe msasa zikiwa kavu.

Sasa twaja penye shida kubwa, ambapo mafundi wengi wamepoteza kazi ya siku mbili kwa dakika moja. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindiki. Ukikichomelea kikiwa baridi, mahali penye moto hutanuka na pengine hukaa vilevile. Kikipoa, utasikia mlio mdogo, na tazama, ufa. Ikiwa hapana budi kuchomelea, kipashwe moto chote kwanza, kitumiwe waya wa nikeli, kisha kifukiwe katika majivu makavu kipoe polepole, hata usiku kucha. Lakini ya nini taabu hiyo? Bloki imekuja na matundu yake yenye hesi, yaliyokuwa yakishika kichwa cha injini. Tafuta bolti zinazoingia humo, ufunge miguu ya chuma au ubao wa juu. Bloki tupu ya gari dogo yaweza kupita kilo 40, kwa hiyo miguu iwe mipana, na kioo cha juu kiwe kinene na kilaliwe na vipande vya mpira. Mtoto akiiegemea, isipinduke.

Vitu vidogo havina maneno mengi. Gia hufaa kuwa kitako cha saa, na valvu kuwa vishikio vya droo. Chochote kishikwacho kwa mkono kipigwe tupa pembe zake, kisha rangi ya kuzuia kutu.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hatumshauri mtu akitengeneze, nacho ni sufuria. Kuyeyusha pistoni si kazi ngumu, maana alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, joto ambalo tanuri la makaa lenye mvukuto hulifikia. Lakini katika chungu hicho huingia pia vipande vya beringi, vyenye risasi ndani yake, na masizi ya petroli ya zamani, ambayo nayo ilitiwa risasi hadi ilipoachwa katika Kenya mwaka 2006. Risasi haionekani wala haina harufu. Nyanya na ndimu huitoa katika sufuria na kuitia katika mchuzi, nayo huharibu akili za watoto wachanga polepole, mama asijue sababu. Shirika la Afya Duniani halijui kiasi cho chote cha risasi kilicho salama mwilini. Meza ya injini haimdhuru mtu. Sufuria ya injini yaweza kumdhuru.

Mwisho ni habari ya ununuzi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yamtaka mfanyabiashara wa chuma chakavu awe na leseni. Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara hiyo kabisa, kwa ajili ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme na vya reli, na mafundi wasio na hatia wakakosa vifaa kwa miezi kadhaa. Basi ununuapo bloki, tazama namba iliyogongwa ubavuni. Ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, iache hapo hapo, hata ikiuzwa rahisi. Ikiwapo, iandikwe katika risiti pamoja na jina la muuzaji, na risiti hiyo uiweke hata baada ya meza kuuzwa.