Usinunue Kimeo kwa Hela ya Korosho

Minada ikianza Oktoba, vitu viwili hupanda Masasi na Newala: bei ya kilo na hamu ya simu mpya. Msimu wa 2024/25, mauzo yalipoingia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, kilo ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000. Anayekumbuka 3,300 ya Serikali mwaka 2018 ataelewa kwa nini watu huulizia bei za simu kabla malipo hayajagusa benki.

Mimi ni mgonjwa wa simu. Toleo jipya likitoka, nasoma sifa zake kabla sijanywa chai. Lakini sifa hizo huandikwa Shenzhen, na aliyeziandika hajawahi kutembea kwenye vumbi jekundu la Kitangari wala kubangua korosho kwa mikono. Hapa simu ina mitihani yake. Vidokezo hivi ni vya mitihani hiyo, na vingine havitawafurahisha wauza simu.

1. Ulizia mnara kabla ya kamera

Newala iko juu ya uwanda, Masasi iko chini katikati ya vilima vya mawe. Mawimbi ya simu hayapendi mwamba. Unaweza kuwa na mnara umejaa barazani, ukazunguka nyuma ya kilima ukabaki na simu ya kuangalia saa tu. Kwa hiyo usiulize mtandao upi ni bora Tanzania. Muulize jirani wa shamba lako anatumia laini gani, na kama akipiga akiwa shambani anasikika.

Hali inabadilika, tena haraka. Halotel ilipoingia nchini mwaka 2015 ilijijengea jina vijijini, na wengine wakalazimika kufuata. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya minara 758 nchi nzima. Jibu ulilopewa na jirani miaka mitatu iliyopita huenda limeshachacha. Ukiona laini yako imeachwa nyuma, tangu Machi 2017 unaruhusiwa kuhama mtandao na namba yako ileile, wala huna haja ya kuutangazia ukoo mzima namba mpya.

Na 5G? Vodacom waliizindua nchini Septemba 2022, nami nilishangilia kama mtoto. Lakini kama kijijini kwako 4G yenyewe inakuja na kuondoka, ile laki ya ziada unayoombwa kwa ajili ya 5G inunulie betri kubwa.

2. Ukiishi ukingoni, shika saa yako

Hiki ni cha watu wa Newala na vijiji vinavyotazama bonde la Ruvuma. Simama pale Shimo la Mungu, Msumbiji yote iko mbele yako, na simu nayo inaiona. Ikinasa mnara wa ng'ambo, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza ni salio kuliwa kwa bei ya kimataifa, kwa hiyo zima data ya nje ya nchi kwenye mipangilio na uchague mtandao wako kwa mkono. La pili watu hulisahau: Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe itafuata saa ya Msumbiji, na kengele uliyoitega saa 11 alfajiri italia saa 12, basi la Masasi limeshaondoka. Panga saa mwenyewe.

3. Salfa haipendi simu

Kila mwenye mikorosho anajua msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Bomba linanguruma, unga wa njano unapanda hewani, na simu iko mfuko wa shati ikicheza muziki. Unga ule huingia kwenye tundu la chaji na spika. Tena salfa na shaba hazipatani kabisa. Shaba huwa nyeusi, na vile vidude vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya simu vina shaba. Baada ya muda unakuta waya wa chaji lazima uukunje hivi, uulalie hivi, ndipo ishike. Fundi atakwambia mfumo wa chaji umekufa.

Siku ya kupuliza, simu ibaki nyumbani. Kama lazima uende nayo, ifunge kwenye mfuko wa nailoni na usiitoe mpaka umenawa. Vumbi jekundu la kawaida ni afadhali kidogo, ila nalo hushindiliwa ndani ya tundu kila unapochomeka chaja. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno. Usitumie sindano.

Ukiwa dukani, tafuta herufi IP kwenye boksi. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP54 maana yake vumbi linapunguzwa. Ikianza na 6, halipiti. Zamani hizo zilikuwa sifa za simu za matajiri, siku hizi zimeshuka hadi kwenye simu za kawaida, na kwa mtu wa hapa zina thamani kuliko kamera ya tatu ambayo mara nyingi ni pambo.

4. Kidole cha mbanguaji hakifungui simu

Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Mama anayebangua kwa mikono ncha za vidole zinababuka, ngozi inatoka, na ile mistari ya alama za vidole inafutika kwa muda. Halafu kijana wake anamnunulia simu ya kufunguliwa kwa kidole. Anabonyeza, inakataa, anabonyeza tena, inakataa, mwishowe simu inajifunga.

Kwa mbanguaji, weka namba ya siri anayoikumbuka. Isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, kijiji kizima kinaujua. Na kama anahitaji kusajili laini, usimpeleke katikati ya kazi hiyo. Usajili wa laini nchini ni wa alama za vidole tangu Mei 2019, na mashine ya wakala nayo haina huruma. Ngoja vidole vipone.

5. Hesabu ramu vizuri

Boksi limeandikwa 8GB kwa herufi kubwa. Lisogeze kwenye mwanga usome maandishi madogo: 4GB + 4GB. Hiyo nne ya pili imekopwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha, na haina mbio za ramu ya kweli. Uliza ya kweli ni ngapi. Chini ya 4GB, WhatsApp ikifunguka na kikundi cha ukoo kikiwa na video mia, simu itakwama kama gari kwenye mchanga.

Toleo la Android nalo lisome. WhatsApp waliacha simu za Android za chini ya 5.0 mwanzoni mwa 2025, na kuna mitumba inayouzwa bado ina mfumo wa zamani. Itakuwa nzuri mkononi na haina kazi.

6. Betri

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa na umeme wao wa gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na kila mtu hapa ana hadithi ya kukatika kwake. 5,000 mAh ndiyo iwe ya chini. Pawabenki ya 20,000 haitajaza simu hiyo mara nne kama hesabu ya darasani. Umeme mwingine hupotea njiani, kwa hiyo tegemea mara tatu hivi. Ile nyepesi kama kiberiti iliyoandikwa 50,000, iache kwa mwenyewe.

7. Kitochi hakina aibu

Simu za mkononi zilianza kuenea nchini wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mtu wa Lupaso hapa hapa Masasi, kwa hiyo sisi si wageni wa mambo haya. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na sababu zake bado zipo: inadumu na chaji siku nyingi, ikianguka unaipangusa.

Ushauri wangu, na hapa najua wapenzi wenzangu wa simu wananicheka: laini yenye hela ikae kwenye kitochi. M-Pesa imekuwepo Tanzania tangu 2008, na mpaka leo inafanya kazi kwa kubonyeza nyota na reli, bila bando. Kitochi hakiwezi kupakua programu ya ajabu, na mwanao hatakiomba achezee gemu. Simu janja ibaki na WhatsApp, YouTube na picha za harusi.

Angalizo moja. Kuna vitochi janja vinavyotumia mfumo wa KaiOS, na vilikuja na sifa ya WhatsApp. WhatsApp walisitisha kupakuliwa kwake kwenye mfumo huo Juni 2024, na mwaka uliofuata wakaacha kuuhudumia. Muuzaji akikwambia "ina WhatsApp hii", mwambie aifungue mbele yako.

8. IMEI kwanza, hela baadaye

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki, na waliokuwa nazo waliamka na vipande vya plastiki. Bonyeza \*#06# hapo hapo dukani, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itatokea. Ifananishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama jibu linataja aina ya simu uliyoishika. Ukiandikiwa jina la simu nyingine, rudisha. Dai risiti yenye IMEI. Kwa mtumba, muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, la sivyo siku utakayoifuta simu itakudai nywila ya mtu usiyemjua.

9. Malipo yakiingia, matapeli nao wanaingia

Wanajua kalenda ya vyama vya ushirika kama tunavyoijua sisi. Hela ya mnada wa TANECU au MAMCU inapokaribia akaunti za wakulima, ndipo meseji zinapoanza: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mtu kweli anadaiwa, kweli kuna hela aliyotaka kutuma, anatuma. Mwingine hupigiwa na "mhudumu wa benki" anayetaka namba ya siri ili malipo ya korosho yafunguliwe. Mwingine anaambiwa hela imeingia kwake kimakosa, airudishe, na meseji ya kuthibitisha imetoka kwenye namba ya kawaida kabisa.

Sheria yangu ya nyumbani ni fupi: meseji haitumiwi hela. Anayetaka hela apige, asikike sauti, na hata sauti ikifanana na ya shemeji, kata simu umpigie mwenyewe kwenye namba uliyonayo. Salio liangalie kwenye menyu, usiliamini kwenye meseji. Namba ya siri hakuna mhudumu wa kweli anayeiomba. Akiiomba, huyo si mhudumu. Ujumbe wa kitapeli utume bure 15040, pamoja na namba ya aliyeutuma.

Halafu bonyeza \*106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wazee hasa wafanyiwe hili na wajukuu zao. Aliyesajiliwa na wakala wa mwavuli, akaambiwa "bibi, weka kidole tena, haijashika", huenda ile ya pili ilishika kwa laini ya mtu mwingine. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho, waifute.

10. Simu ya mkopo ina kufuli

Simu za kulipa kidogo kidogo zimewasaidia wengi, sizipondi. Ila zidisha mwenyewe: malipo ya kila siku mara idadi ya siku, ongeza kianzio, ulinganishe na bei taslimu. Ukishindwa kulipa, simu inajifunga. Mkulima hapati hela kila siku, anapata kwa msimu, na mkataba haujui msimu. Machi korosho hakuna, makato yapo. Kama huna kipato cha katikati ya mwaka, subiri mnada wa pili ununue taslimu.

Programu za mikopo ya haraka ni balaa jingine. Zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote za simuni, na ukichelewa wanampigia mkweo. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu ya mkopo inayotaka orodha ya marafiki zako, ifute kabla hujaijaza.

11. Kamera na ngoma

Simu za sasa zinapiga picha za usiku vizuri, na ngozi zetu hazigeuki majivu kama zamani. Tecno na ndugu zake waliliwekea nguvu jambo hilo, nawapa heko. Ila jando na unyago si maudhui ya TikTok. Kilicho cha jando na unyago kibaki huko. Sinyago au mapiko yakitoka hadharani, omba ruhusa kwa wenye ngoma kwanza, kisha zima ule mwanga wa kamera: unawaumiza macho wachezaji, na picha yenyewe unaiharibu.