Tupime Kabla ya Kuhukumu

Kwa miaka mingi waganga wa zahanati zetu walizoea kudhani kila homa ni malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri mgonjwa apimwe damu kwanza. Kwani nimonia nayo huleta homa, na dawa ya malaria haiitibu. Kosa halikuwa ujinga, bali kuridhika na jibu la kwanza. Mganga mwangalifu hujiuliza: "Je, yaweza kuwa maradhi gani mengine?"

Nasi walimu tujiulize vivyo hivyo. Mtoto aandikapo 52 − 38 = 26, tusimwite mvivu. Tumtake aeleze alivyofanya. Huenda tukaona kuwa ametoa 2 katika 8. Fimbo haitamfundisha kuazima kumi.