Pendo la Moyo katika Barua ya Kuomba Kazi

Vijana wengi wa sharika zetu za Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria huandika barua za kuomba kazi, na pengine huulizwa humo: ni jambo gani ulipendalo kwa moyo? Hapo kalamu husimama. Kijana wa Ukerewe aliyelelewa kwa mapato ya dagaa huona haya kuwataja, naye huandika ya kuwa apenda kusafiri na kusoma vitabu. Basi na tujifunze kuchagua vema.

Kwanza, chagua pendo lililokutia kazini. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi hupumzika. Wakianikwa chini hushika mchanga, na mvua ikiwakuta huharibika. Wakianikwa juu ya vichanja hupata hewa juu na chini, nao huwa safi. Kijana aliyeyashika hayo amejifunza kupanga siku zake, kulinda mali isipotee, na kupatana bei na wanunuzi wa Mwaloni, Kirumba. Je, mtunza ghala hahitaji mambo hayo?

Pili, liwe pendo uwezalo kulitolea majibu. Jiulize: Nimelifanya muda gani? Limenigharimu nini? Limenifundisha nini? Ukikosa majibu, liache, utafute lingine. Kwa maana watakaokuhoji watauliza, na aliyetaja vitabu asivyovisoma ataaibika mbele yao.

Tatu, lielekee kazi uiombayo. Aombaye kufundisha watoto, naye huwafundisha wenzake sauti katika kwaya, heri aandike habari za kwaya.

Nne, eleza matendo, usijisifu. Usiandike, "Nina shauku kubwa ya biashara ya samaki." Kama ndivyo ulivyofanya, andika: "Kwa misimu miwili nimeanika dagaa wa nyumbani kwetu juu ya vichanja nilivyovijenga mwenyewe, nami nimeandika daftarini hesabu ya kila gunia lililouzwa." Maneno haya ni machache, lakini msomaji aweza kuyapima.

Nasi Wakristo tuna sababu iliyo kubwa zaidi. Katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Luther mwaka 1529, amri ya nane yahusu ushuhuda wa uongo. Mwajiri naye ni jirani yetu. Atakukabidhi ghala lake au watoto wake kwa kuyaamini maneno yako. Tena Luther alifundisha ya kuwa kazi halali ya mkulima au ya mtumishi wa nyumbani ni wito wa Mungu, wala si duni kuliko kazi ya kasisi. Basi harufu ya dagaa mikononi si aibu. Aibu ni kuwakana waliokulisha ili upate mkate.

Kabla ya kuipeleka barua yako, msomee mzee akujuaye tangu utoto, kisha umwulize: "Je, huyu ndiye mimi?" Akisita, rudi ukaandike tena.