Milango ya Programu
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Musoma

Tangu muhula huu uanze, katika chama chetu cha kompyuta tumekuwa tukibishana juu ya jambo moja. Mtu akipewa programu pamoja na msimbo wake asilia, yaani maandishi yale yaliyoandikwa na fundi wa kwanza, je, aubadilishe apendavyo? Wengi wanasema ndiyo. Mimi nasema asiuguse, maadamu mlango upo.

Mlango huo ni nini? Fikirini basi litokalo Musoma kwenda Bunda. Tuseme dereva ameagizwa asimame Makutano, penye njia ya Butiama. Akimkuta mkaguzi humwuliza, "Nipite?" na kufuata jibu lake. Asipomkuta huendelea na safari. Mkaguzi amewekwa na wenyeji wa pale, wala hakuna aliyefungua injini ya basi.

Kompyuta kubwa za IBM zina desturi hiyo tangu zamani. Mfumo wa OS/360 ulitangazwa mwaka 1964, na katika ukoo wake, hata z/OS ya leo, imo milango mingi yenye majina. Mmoja huitwa IEFUTL. Kazi ikimaliza muda iliopewa, mfumo huuliza mlangoni: ikatwe, au iongezewe muda? Ofisi inaweza kuandika programu ndogo ya kujibu kwamba kazi ya mishahara iongezewe na nyingine zikatwe. Toleo jipya la mfumo likija, programu hiyo huwekwa tena pale pale mlangoni. Lakini aliyebadilisha msimbo hana budi kuitafuta mistari yake mmoja mmoja na kuipachika upya. Akichoka huliacha toleo jipya, hata kama limeleta dawa ya kasoro za hatari.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano ulio karibu zaidi. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za Eldoret, ikaanza kutumika huko mwaka 2006. Msimbo wake u wazi kwa kila mtu, lakini desturi ni kuongeza moduli. Moduli yaweza kujiandikisha ili iitwe kila mara taarifa za mgonjwa zinapohifadhiwa, kabla au baada. KenyaEMR imejengwa hivyo, kwa moduli juu ya OpenMRS. Hapa kiini kikikaa bila kurekebishwa, kinachoweza kupotea, au kusomwa na wasiohusika, ni habari za ugonjwa wa mtu.

Sisemi kwamba mlango hauna hatari. Programu ya mlangoni mara nyingi hupewa mamlaka ya mfumo wenyewe, na ikikosea yaweza kuuangusha wote. Tena isichelewe, maana mkaguzi akisinzia abiria wote wanangoja. Na pengine mlango haupo kabisa pale unapoutaka. Hapo nawakubalia wenzangu: badilisheni msimbo, lakini andikeni daftarini kila mstari mlioubadili, kisha mwombeni mwenye programu aweke mlango mahali hapo katika toleo lijalo.