Kabla Hujajaza Fomu ya Ualimu

Somo: Luka 14:28-30, Yakobo 3:1, Matendo 19:8-10



Jumapili tulisoma habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Yesu anauliza kama kweli kuna mtu ataanza kazi kama hiyo bila kukaa chini kwanza apige hesabu, aone kama anazo za kumalizia. Sisi wa Galu hatuna haja ya kuelezwa sana. Ukishuka barabara ya ufuoni unaziona nyumba za ghorofa zilizoishia kwenye lenta, mlango hakuna, dirisha hakuna, mwarobaini umeota sebuleni. Mwenyewe alianza vizuri, tena kwa sherehe.

Baada ya ibada vijana wawili na mama mmoja walinijia na swali lilelile, kila mtu kwa njia yake: ualimu wa sekondari, niende au nisiende? Mama alikuwa anauliza kwa niaba ya bintiye. Nimeona nijibu hapa ili wote tusome, maanake najua si hao watatu peke yao.

Kwanza tuliweke sawa neno "wito". Mtu ananiambia, "Pasta, niombee nijue kama ni wito." Nitaomba, hiyo ni kazi yangu. Lakini mara nyingi tunalitumia neno hilo kukwepa karatasi na kalamu. Yesu hakumwambia mjenzi asubiri ndoto. Alimwambia akae, ahesabu. Na nikiwa hapo hapo, niseme wazi: mtu akikuwekea mikono na kukutajia kozi ya kujaza kwenye KUCCPS, mshukuru, halafu nenda kapige hesabu vilevile. Neno la kweli haliogopi kalamu.

Sasa tuhesabu. Mimi nilisomea biashara, mtanivumilia.

Ili uingie digrii ya ualimu wa sekondari unahitaji alama ya wastani ya C+ kwenye KCSE, na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ana C+ ya jumla, anashangilia, kumbe Hisabati ana C na Fizikia ana D+. Angalia slipu yako kabla ya kuangalia chuo. Kozi ni miaka minne, pamoja na mazoezi ya kufundisha. Kwa watoto wa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimepunguza nauli kwa wengi, lakini karo, chumba na chakula bado vipo. Basari ya kaunti na mkopo wa HELB vinasaidia, ila mkopo ni deni. Liandike kama deni, usiliandike kama baraka.

Ukimaliza unajisajili na TSC. Kusajiliwa si kuajiriwa! Ninalisema kwa sauti kwa sababu kuna familia zimeuza shamba zikidhani ni kitu kimoja. Walimu waliosajiliwa na hawana kazi ya TSC nchini Kenya ni mamia ya maelfu. Wakisubiri, wengi huajiriwa na bodi ya shule, wale tunaowaita walimu wa BOM, na mshahara wao hutegemea karo imeingia au haijaingia. Wengine hupata intanshipu ya TSC, ambayo kwa sekondari imekuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Toa kodi ya nyumba Ukunda, toa nauli, toa sadaka, toa cha kutuma nyumbani. Mwaka 2024 mliwaona maintani wa JSS barabarani wakidai kuajiriwa kwa kudumu. Haikuwa tamaa, ilikuwa hesabu hii hii.

Mtu atasema basi heri hoteli. Ngoja. Machi 2020 hoteli za Diani zilifungwa na ndugu zetu wakarudishwa nyumbani. Shule nazo zilifungwa, lakini mwalimu wa TSC aliendelea kupokea mshahara. Wa BOM na wa shule za kibinafsi, wengi walikaa miezi bila kitu. Kwa hiyo ualimu una usalama, ni kweli, ila usalama huo uko upande wa pili wa mto, na huwezi kujua utasubiri ng'ambo hii miaka mingapi. Swali la kuuliza familia ni hili: tukisubiri miaka mitatu au minne baada ya digrii, tutakula nini, na nani atasomesha wadogo? Kama hamna jibu, bado hamjakataa ualimu. Mnahitaji tu mpango wa pembeni, hata kama ni kuku. Paulo alishona mahema.

Jambo lingine ambalo vijana hawaliangalii: shule yenyewe inabadilika. Gredi ya 10 ya kwanza imeingia senior school Januari 2026, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya mwaka 2027. Anayeanza chuo sasa hatafundisha kidato cha nne tulichokijua sisi. Atafundisha kwenye mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Usichague masomo mawili kwa sababu rafiki yako amechagua hayo. Nenda shule jirani, muulize mwalimu mkuu ni somo gani limekosa mwalimu, atakuambia bila kuficha. Na wewe uliye na digrii nyingine na unafikiria diploma ya ualimu ya baada ya digrii, hakikisha kwanza digrii yako ina masomo mawili yanayofundishwa shuleni, la sivyo utalipa karo na TSC isikusajili.

Hiyo ni gharama ya mfuko. Yakobo anataja gharama nyingine. Anatuonya tusikimbilie kuwa walimu, kwa kuwa walimu watahukumiwa kwa kipimo kikali zaidi. Najua anasema juu ya walimu wa Neno, lakini mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita tofauti ni ndogo. Viboko vimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, kwa hiyo kama njia yako pekee ya kunyamazisha darasa ni fimbo, fikiria tena. Na kaka zangu, hili nalisema bila kulainisha: mwalimu anayemgusa mwanafunzi anafutwa kwenye sajili ya TSC na sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inamsubiri. Wasichana wangapi wa Kwale wameacha shule na mimba ambayo kila mtu kijijini anajua ni ya nani? Kama unajijua una udhaifu huo, usiende. Njoo tuongee, lakini darasani usiende.

Halafu kuna hili la kwetu hasa. Darasa lako hapa Kwale, wengi watakuwa watoto wa Kiislamu. Wazazi wao wamekukabidhi wakusikilize Kemia. Darasa si mkutano wa injili, na mtoto aliyefunga Ramadhani asipewe alama pungufu kwa sababu amesinzia saa nane. Wakiuliza kwa nini wewe huibi mitihani na hupokei cha chini, jibu. Ushuhuda mwingine wote uko kwenye kufika kwa wakati na kusahihisha madaftari.

Paulo alipoondoka sinagogi la Efeso alihamia darasa la Tirano akafundisha kila siku, miaka miwili. Kila siku! Wengi wetu tunapenda kufundisha kama tunavyopenda kuhubiri: mara moja kwa wiki, watu wakiitikia amina. Mwalimu hapati amina. Anapata daftari arobaini zenye kosa lilelile alilolifundisha jana.

Ndiyo maana nawaambia vijana wajipime kabla ya fomu. Chukua darasa la vijana hapa kanisani muhula mzima, si Jumapili moja. Msaidie mtoto wa jirani hesabu za jioni mwezi mzima. Akishindwa kuelewa mara ya tatu, angalia moyo wako: unamkasirikia, au unaanza kutafuta njia nyingine ya kueleza? Huyo wa pili, hata slipu yake ikiwa na kasoro, nitakaa naye tutafute njia.

Kwa seli za nyumbani wiki hii: someni Luka 14:28-30, kisha kila familia yenye mtoto aliyemaliza sekondari iandike hesabu yake ya miaka saba, minne ya chuo na mitatu ya kusubiri. Mama, njoo na bintiye na slipu yake. Jumatano baada ya maombi walimu wa kanisa letu watabaki nyuma, wa TSC na wa BOM, muwaulize chochote, pamoja na mshahara.