Maisha Baada ya Saratani ya Utotoni

Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Ugonjwa huo, uitwao leo limfoma ya Burkitt, hutokea zaidi penye malaria nyingi, nao hutibika vizuri kwa dawa. Kwa hiyo wapo watu wazima waliopona saratani wakiwa wadogo. Je, kupona ndiyo mwisho wa safari?

Sivyo. Dawa zinazoua seli za saratani hugusa pia viungo vyenye afya, na madhara huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Doksorubisini huweza kudhoofisha misuli ya moyo. Siklofosfamaidi kwa kipimo kikubwa hupunguza uwezo wa kuzaa. Sisplatini hudhuru masikio na figo. Mionzi ya shingoni huweza kuharibu tezi ya thairoidi na kuzua saratani nyingine. Aliyeugua saratani ya jicho ya kurithi ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto wake kasoro hiyo. Basi mtoto huyo achunguzwe macho tangu kuzaliwa.

Chukulia mfano wa mwanamke wa Ntalikwa, Tabora, aliyetibiwa Dar es Salaam akiwa na miaka 8. Sasa ana miaka 26, ni mjamzito, na hutweta akibeba ndoo ya maji. Mhudumu wa zahanati atafikiri kwanza upungufu wa damu, na hana kosa. Lakini mimba huuongezea moyo kazi kwa kiasi kinachokaribia nusu. Moyo uliopitiwa na doksorubisini huweza kushindwa. Mhudumu akijua historia hiyo, atampa rufaa ya kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti kabla hali haijawa mbaya. Asipoijua, atampa vidonge vya kuongeza damu tu.

Tofauti ya njia hizo mbili ni karatasi moja: jina la ugonjwa, dawa na jumla ya vipimo vyake, sehemu iliyopigwa mionzi, na mwaka. Mzazi aiombe siku ya kuruhusiwa, aihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa, na amkabidhi mwanawe anapokuwa mtu mzima. Wazazi wengine huficha habari hizo wakihofia mwana kukosa mchumba. Hofu hiyo inaeleweka, ila siri hiyo huweza kumgharimu uhai. Aliyepona apimwe shinikizo la damu mara kwa mara, asivute tumbaku, na amweleze kila mganga alichowahi kuugua, hata asipoulizwa.