Mantra na Slufay: Je, ni Kitu Kimoja?

SWALI: Nimemwona Mhindu akirudiarudia mantra huku akihesabu shanga. Nikamkumbuka babu yangu hapa Mbulu akiongoza slufay, sala ya Wairaqw. Je, ni ibada ya namna moja? – Msomaji, Haydom

JIBU: Zinafanana kwa jambo kubwa: pande zote mbili huamini kwamba neno likitamkwa ipasavyo lina nguvu ya kutenda. Ila namna ya kutamka ni tofauti kabisa.

Mantra ina maneno yasiyobadilika. Ile ya Gayatri, iliyomo katika Rigveda, kitabu kitakatifu cha Wahindu, ina silabi 24, na mwanafunzi hufundishwa kuitamka bila kuipotosha. Zile shanga kwa kawaida ni 108. Kila moja hupita kati ya kidole gumba na kidole kingine kwa kila tamko. Mtu anaweza kuifanya peke yake, hata kimoyomoyo.

Slufay haifanyiki peke yako. Wazee wa Kiiraqw wamekaa, pombe ipo, mmoja anaongoza kwa lugha ya mafumbo, na kila baada ya kauli wengine wanaitikia. Wanaomba mvua, mifugo, uzazi na amani; wanamwelekea mungu Looaa, aliye mwema kama mama, na kujikinga na netlangw, pepo wa kwenye chemchemi na mito. Kiongozi hodari hutunga papo hapo kulingana na shida iliyowakusanya. Hapo ndipo ninapoona ukuu wake: ni sala na ushairi kwa pamoja.

Mwombe babu akuruhusu kumrekodi, tena akiwa na wenzake. Bila waitikiaji utapata nusu tu.